Makocha Wawili wa Gyeong-ran

Ma Gyeong-ran hakuwa na kipaji cha kutisha. Nasema hivyo kwa kuwa nililala naye chumba kimoja kwa miaka mingi, katika bweni la timu ya wanawake wanyanyua vyuma ya mji wa Unpo. Walikuwapo wenye mabavu kumshinda. Lakini yeye akishamwamini mtu, alikuwa hajui kuchoka.

Mtu huyo alikuwa Kocha Tak Bong-su, mzee mfupi mpenda vitunguu saumu vibichi. Ukisikia sauti yake ukumbini, ujue amepiga chafya. Gyeong-ran alipopasuliwa goti, daktari alimwambia atafute kazi nyingine, na mama yake, muuza kimchi, kabichi ya kuchachushwa, sokoni, akaafikiana na daktari. Kocha Tak hakubishana na yeyote. Alimpeleka hospitali kila juma kwa gari lake lililonuka ngisi, akamngoja kwenye benchi la mapokezi, na wakati wa kurudi akamnunulia supu.

"Kocha, mbona unapoteza muda wako na mimi?" Gyeong-ran alimuuliza siku moja.

"Nani kakwambia napoteza? Nakunywa supu. Kunywa na wewe, inapoa."

Alirudi kwenye vyuma, na vuli iliyofuata akatoka Michezo ya Taifa na medali ya fedha. Waliokuwa na nguvu kumzidi walibaki wakimwangalia.

Medali hiyo ndiyo iliyotuponza. Wakubwa wa chama cha michezo cha mji, ambao siku zote hawakujua hata mlango wa ukumbi wetu uko upande gani, sasa waliutaka ushindi wa dhahabu. Goti la Gyeong-ran likavimba tena, na Kocha Tak akakataa kumpeleka kwenye mashindano ya masika. Aliwaambia goti la mtu si mali ya mji. Mkataba wake ulipoisha, hawakumpa mwingine. Alitukuta tukila, akasimama mlangoni na begi lake. "Msiache chakula," alisema, akaondoka.

Baada yake alikuja Kocha Bae Sang-jun, na akaja na kila kitu. Tulipata vyuma vipya, mkandaji, mtaalamu wa lishe, na mwanasaikolojia wa kila Jumatano. Picha ya Gyeong-ran ilitundikwa kwenye ukuta wa halmashauri, kubwa kama nyumba. Nisiwe mwongo, hatujawahi kula vizuri namna ile. Ila hakuna aliyeuliza habari ya goti bila kuongeza papo hapo, "Utakuwa tayari lini?" Bae mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na mkataba, na alijua ule wa mwenzake uliishaje.

Gyeong-ran akaanza kuangusha kilo alizokuwa akizinyanyua huku anacheka.

"Mji umekupa kila kitu," Bae alimwambia mbele yetu sote. "Sasa unakosa nini?"

"Sijui, Kocha."

Na kweli hakujua. Aliamini kosa ni lake. Akaongeza mazoezi, goti likazidi, kisha akaanza kuchelewa, yeye ambaye zamani ndiye aliyekuwa akituamsha.

"Dada, mwambie linauma," nilimsihi.

"Nimemwambia. Kaniletea dawa ya kuchua kutoka ng'ambo. Ile ya bei mbaya." Akageukia ukutani.

Kwenye Michezo ya Taifa alishindwa kuinua hata mara moja. Tuliporudi Unpo, picha yake ilikuwa imeshushwa. Mafundi rangi walikuwa wameitandika sakafuni kwenye korido ya halmashauri wasichafue vigae. Aliivuka, akaendelea.

Wakati huo Kocha Tak alikuwa amepata kazi kwenye mji mmoja wa kusini. Akampigia simu: aje, nafasi ipo. Lakini mchezaji akihama bila ridhaa ya timu yake, hufungiwa misimu miwili. Gyeong-ran akaenda kwa katibu wa chama, Bwana Yeom, nami nikamsindikiza.

"Tumekulea, tumekutibu, leo ukawape wengine medali?" alisema katibu.

"Medali ipi, Katibu? Si mmesema nimekwisha?"

"Kwetu umekwisha. Kwa Tak hujaisha."

Gyeong-ran akajiuzulu, akaamua kuitumikia adhabu. Mchana aliuza kimchi na mama yake, na jioni alifanya mazoezi kwenye ghala tupu la ngisi kwa vyuma vya kuazima. Kocha Tak alimpigia mara kwa mara, baadaye mara mojamoja.

Misimu ile ilipokaribia kwisha, Kocha Tak alikuja mwenyewe sokoni na sanduku la mapeasi. Nilikuwapo, nikiwasaidia kumenya vitunguu. Gyeong-ran alivua glavu, akajifuta uso, akakaa kama mtu anayeposwa.

Kocha hakuwa amekuja kumchukua. Alikuwa na mchezaji mpya wa uzito uleule, binti aitwaye Seol A-ram, mwenye nguvu za ajabu ila akikiona chuma kizito anatetemeka.

"Hofu ile unaijua wewe," alisema Tak. "Kaa naye mpaka mashindano."

"Na nafasi yangu?"

"Haikungoja. Na kule pia wanataka medali. Niliwaambia wakungoje..."

"Uliwaambia mara ngapi, Kocha?"

Mzee akatazama mapeasi yake.

"Kocha, huna haya," mama yake alisema taratibu, akaendelea kukata figili.

Gyeong-ran alikwenda. Nilimwambia ni mjinga. Akanijibu, "Mimi aliningoja, nikiwa si kitu." Huko aliishi na A-ram, akala naye, akamshika mgongo kila alipoinama juu ya chuma, mpaka binti akaacha kutetemeka. Mashindano yalipofika, yeye akarudi Unpo.

Vuli hiyo, kwenye Michezo ya Taifa, A-ram alitwaa dhahabu. Tuliangalia kwenye televisheni kibandani kwa mama, pale sokoni. Binti aliposhika kipaza sauti alimshukuru Kocha Tak na mji wake, ambao alisema haukumwacha peke yake hata siku moja. Hakutaja jina jingine. Mama akazima televisheni.

"Mgongo ulinyooka vizuri," alisema Gyeong-ran, akarudi kwenye kabichi zake. Simu yake ikaita. Ilikuwa ya Kocha Tak. Aliiacha iite mpaka ikanyamaza, na zilizofuata pia hakuzipokea.

Unpo haina tena timu ya vyuma. Mimi nilihamia mji mwingine. Gyeong-ran yuko palepale sokoni, akichechemea baridi ikiingia. Mke wa Katibu Yeom ni mteja wake wa kila juma. Humpimia sawa na wengine.