Chaza Wasionuswa

Kwa miaka kumi na minane alifungua chaza katika jiko la hoteli yetu, na hakuwahi kula hata mmoja. Tulimwita Mama Pua, naye aliitika bila kinyongo. Kila chaza alimgonga kwanza kwa mpini wa kisu. Aliye hai hujifunga. Anayebaki wazi hutupwa. Kisha aliingiza ncha ya kisu kwenye kiungo cha magamba, akaizungusha kidogo, akainua gamba la juu na kunusa. Kunusa huko ndiko kulikompa kazi. Akikunja uso, chaza huyo alikwenda kwenye ndoo ya taka, hata kama sisi wengine tulimwona mzima kabisa.

Mimi ni mhudumu wa mezani. Wageni wakiniuliza kama chaza wabichi wanafaa kujaribiwa, nilikuwa na jibu langu tayari: "Anayewafungua amekaa nao miaka kumi na minane, na anasema hakuna kitamu kama hicho." Uongo mtupu. Mama Pua aliwaogopa. Utotoni alimwona kaka yake akijikunja kwa tumbo siku tatu baada ya kula chaza walioshinda juani, mpaka akashindwa kushika kikombe. "Habari za utamu usiniulize mimi," aliniambia siku niliyoanza kazi. "Kazi yangu ni kuhakikisha hatumziki mtu."

Jumanne moja, wakati wa chakula cha mchana, alikuja mzee mmoja na binti yake. Mzee alikuwa amekonda, na shati lake lilimpwaya shingoni.

"Maisha yangu yote nimewaogopa hawa," aliniambia. "Leo nataka nijue. Wanafaa?"

Nikamwimbia wimbo wangu uleule, wa "miaka kumi na minane".

"Baba, umetoka hospitali wiki iliyopita," binti yake akasema.

"Ndiyo maana nataka sasa," akajibu mzee.

Nikampelekea sita juu ya barafu, na limau pembeni. Niliporudi jikoni kuchukua sahani ya meza nyingine, harufu ilinipokea mlangoni, ya mtaro ulioziba. Ilitoka kwenye sahani yenyewe. Na Mama Pua alikuwa ameiinamia, anainua chaza mmoja mmoja mpaka puani na kuwapanga taratibu, bila wasiwasi wowote.

"Mama Pua, mmoja hapa ameoza."

Akaitazama sahani, kisha akanitazama mimi. "Yupi?"

Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kunionyesha ni yupi.

"Ni tangu yale mafua," akanong'ona. "Wiki ya pili hii. Kahawa, sabuni, vitunguu, sisikii harufu ya kitu. Nilidhani itarudi. Nikisema, mpishi mkuu ataniondoa, na baba watoto ni mgonjwa kitandani, unajua mwenyewe."

"Na wale sita wa yule mzee?"

"Wote nimewagonga."

"Umewanusa?"

Akaitazama ndoo ya taka.

Tumekatazwa kukimbia mbele ya wageni. Siku hiyo nilikimbia. Mezani niliwakuta chaza watano na gamba moja tupu.

"Samahani, mzee, nimekosea sahani," nikasema nikiibeba.

"Umechelewa," akasema, anajifuta mdomo. "Mmoja nimeshammeza."

Niliiweka sahani ile mbele ya Mama Pua na kwenda kumwita mpishi mkuu. Nilipogeuka nyuma, nilimwona amefumba macho, amemimina chaza mmoja kinywani, akameza.

"Akiumwa yeye, na mimi niumwe," akasema.

"Ukiumwa wewe, yeye ndiyo atapona?" Nilikuwa na hasira kiasi kwamba machozi yalinitoka. Nilimkasirikia yeye, na nilijikasirikia mimi na ule wimbo wangu.

Mkuu akawanusa wanne waliobaki. Wawili walikuwa wabovu. Hakupiga kelele, bora angepiga. Alivua kofia yake, akaenda mezani mwenyewe kueleza. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika namba yetu ya simu.

"Mpaka kesho mchana," alisema. "Baba akipatwa na chochote, nitawarudia, na sitakuja peke yangu."

Kesho yake hakuna aliyefanya kazi ya maana. Mama Pua alikuja na macho mekundu, tumbo lake salama, akasimama karibu na simu ya jikoni na kitambaa mkononi. Kila ilipolia nilishtuka. Saa saba ikalia tena. Nikaipokea.

Alikuwa mzee mwenyewe. "Nipo," akasema. "Sijaumwa hata kichwa. Lakini nina swali, na binti yangu asisikie. Yule niliyekula alikuwa na ladha ya chumvi na chuma, kama kulamba kijiko. Ndiyo ladha yao, au nilikula mbovu?"

Nilifungua mdomo niimbe, nikashindwa. Nikamuuliza Mama Pua.

Akakikunja kitambaa chake. "Mwambie sijui," akasema. "Nimekula mmoja tu maishani, na hakuwa na ladha yoyote."

Nikamwambia mzee hivyohivyo. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema atakuja tena Jumanne ijayo, ili ajue kwa uhakika. Mkuu hakumwondoa Mama Pua, maana hakuna mwingine anayeweza kile kisu. Yeye anagonga na kufungua. Anayenusa sasa ni mimi.

Leo ni Jumatatu. Tangu asubuhi nimepiga chafya mara mbili.