Hatua za Shemeji

Shughuli nzima ilinigharimu jogoo mmoja, raba jozi mbili, suruali nyeupe ambayo sasa ni kubwa kama pazia, na kilo kumi na moja za mwili wangu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahau jogoo, nadhani kwa sababu bado naumia.

Mimi nakaa juu, Mbinga mjini. Dada yangu mkubwa aliolewa chini, kando ya ziwa, na kila Jumamosi ninashuka huko kununua dagaa wakavu wa kuja kuuza dukani kwangu sokoni. Mume wake, shemeji yangu, alikuwa kapteni wa mganda kijijini kwao kwa miaka mingi. Kwa asiyeujua, mganda ni ngoma ya wanaume waliovaa nyeupe, mistari imenyooka kama matuta ya mahindi, vibuyu vya kupuliza mbele na ngoma moja kubwa inayowasukuma. Baada ya mavuno vijiji hualikana na kushindana, na mshindi hutamba mwaka mzima. Nilimwona shemeji akigeuza watu thelathini kwa kutikisa usinga mara moja. Mimi gunia moja la maharage hunitoa jasho kuligeuza.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Alipotoka hospitali daktari alimwambia dada kwamba mguu ule ukitumiwa utarudi, ukiachwa utakakamaa, na kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenyewe. Shemeji akachagua kiti. Akakiweka kibarazani, akakigeuzia ukutani, ili asiuone uwanja wa shule ambako wenzake hufanyia mazoezi.

Dada akanivuta jikoni. "Mimi nimebembeleza mpaka nimechoka. Mchungaji ameomba. Wewe kazi yako ni kupatana bei. Nenda kapatane naye."

Nikatoka kibarazani. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kupima mzigo?" alisema, bado anatazama ukuta.

"Nimekuja kununua hatua. Nataka mia mbili kwa siku."

"Una wazimu. Kumi."

"Kumi hata kuku aliyekwisha kuchinjwa anazifikisha. Mia na hamsini."

"Kumi na tano. Na za mguu wa kushoto kila moja ihesabiwe mbili, maana huo ni mzito."

"Hatua ni hatua, shemeji. Dagaa aliyelowa maji simlipii zaidi kwa uzito wake."

Hapo akageuza shingo. Mtu akishageuza shingo, bei itapatikana. Tulimalizia arobaini, na mguu wa kushoto nikamwachia uhesabiwe mbili, kwa sababu muuzaji huwezi kumbana kila mahali. Usiku nilipopiga hesabu vizuri niliona kwamba arobaini zake zilikuwa ishirini na saba za kweli. Lakini kwa mtu ambaye jana yake alitembea sifuri, ishirini na saba ni faida.

"Na wewe unatoa nini?" akauliza.

Akanitazama tumboni, akatazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ni kweli, wiki chache kabla nilikuwa nimepimwa zahanati, presha imepanda, sukari iko mlangoni inabisha hodi. Niliambiwa nipunguze uzito nikauliza bei ya mwisho ni kilo ngapi. Mganga hakucheka. Sasa shemeji akapanga: kwa kila hatua yake moja, mimi nitembee hamsini, tena kwenye milima yetu, siyo sokoni kati ya gunia na gunia. Kila jioni tupigiane simu kutoa hesabu. Atakayeshindwa au kudanganya, jogoo.

Nikaanza kutembea barabara ya kuelekea Mpepai alfajiri. Mjini kwetu mtu mwenye duka akionekana anatembea kwa miguu bila mzigo, watu huingiwa na huruma. "Mzee, biashara imekufa?" waliniuliza. Bodaboda mmoja alisimama. "Panda mzee, elfu moja tu." Nikamshusha mpaka mia tano, akakubali, nikainua mguu kupanda, ndipo nikakumbuka kwamba sitaki kupanda. Maneno aliyonitolea yule kijana siyaandiki.

Jioni simu inalia. "Ngapi?"

"Elfu mbili. Wewe?"

"Arobaini na tano."

"Za kushoto umezidisha?"

"Makubaliano ni makubaliano, shemeji."

Kwa hiyo kesho yangu ikawa elfu mbili, mia mbili na hamsini. Yule mtu alikuwa anaongeza hatua ili kunitesa mimi. Dada alinisimulia kwamba mumewe anaamka kabla ya kengele ya kanisa, anajikongoja na fimbo yake uani, na kila akifika kwenye zizi la mbuzi anacheka peke yake. "Anasema, sasa yule mnene yuko mlimani." Niliendelea kupanda mlima.

Wiki ya tano mvua ilinyesha siku tatu mfululizo nikabaki dukani, nikatoa hesabu za uongo. Siku ya tatu akaniuliza kwa upole, "Huko juu kuna matope?"

"Matope tele."

"Mbona siku tatu hujalalamika kuhusu raba zako?"

Jumamosi nikashuka na jogoo. Alimpokea akiwa amesimama wima, bila fimbo, na jogoo yule alikuwa mkubwa. Nilimpa kwa moyo mzito, lakini nilipogeuka nikaona kiti hakitazami ukuta tena.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa, kijiji cha ng'ambo ya ghuba kilileta salamu: kinakuja kucheza. Nikamwambia shemeji aingie mstarini. Akasema wazi jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba haogopi kuanguka, anaogopa kuanguka mbele ya watu aliokuwa akiwaamrisha. Sikuwa na bei ya kitu kama hicho.

Mwishowe yeye ndiye aliyetaja bei. "Nitasimama mstari wa nyuma. Na wewe usimame pembeni yangu."

"Mimi ni Mmatengo wa milimani, shemeji. Mganda nimeujulia ukubwani, tena kwa kutazama."

"Ndiyo maana. Nikikosea, watakutazama wewe."

Dada akanipima kiuno, akanishonea suruali nyeupe. Mazoezini niligundua kasoro yangu. Mimi kila hatua naihesabu kabla ya kuikanyaga, kisha naihesabu tena baada ya kuikanyaga kuhakikisha ipo. Kwa hiyo ngoma ikisema geuka, mimi bado nakagua. Shemeji naye mguu wa kushoto ulimchelewesha kiasi hichohicho. Kapteni mpya, ambaye shemeji ndiye aliyemfundisha, alituita kando. "Shikamooni wazee wangu. Kwa heshima zote, mtatuharibia."

"Marahaba," shemeji akasema. "Nani alikufundisha kunyoosha mstari?"

"Ni wewe, baba."

"Basi tuache."

Akatuacha.

Siku yenyewe wageni walikuja kwa boti, wakalishwa kwanza kama ilivyo desturi, ugali wa muhogo na mbasa, wakala huku wakilalamika kwamba samaki ni wadogo, nayo ni desturi pia. Waamuzi watatu walitoka kijiji kingine kabisa. Wageni walicheza vizuri, sitaficha. Kisha ikawa zamu yetu. Suruali nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya katani, kwa sababu kiuno alichopima dada hakikuwepo tena.

Mgeuko wa kwanza, mistari yote iligeuka, sisi wawili tukafuata baadaye. Watu wakacheka. Mgeuko wa pili vilevile. Lakini tulichelewa pamoja, bega kwa bega, kwa kipimo kilekile, na kufikia mgeuko wa nne akina mama walikuwa wanautazama mstari wa nyuma tu, wakingoja, na tulipogeuka wakapiga vigelegele. Mwenzangu alikuwa anahema. Nikamnong'oneza, "Tutoke?" Akanijibu bila kunitazama, "Hesabu, acha maneno." Mguu wa kushoto uliburuza vumbi, ukainuka, ukaburuza, ukainuka. Ngoma ilipokoma alikuwa bado amesimama.

Tulishindwa. Waamuzi walitukata alama nyingi kwa sababu ya mstari wa nyuma, na kapteni alikuwa na haki ya kununa. Shemeji aliketi kwenye benchi, jasho linamwagika, dada amesimama nyuma yake akimpepea kwa upande wa khanga.

"Umepata ngapi?" nikamwuliza.

"Elfu moja na kumi na mbili."

"Za kushoto umezidisha?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Kwa nini nizidishe? Ni mguu kama huu mwingine."

Nikainama kukaza kamba ya suruali, ingawa haikuwa imelegea.

Sasa shida. Aliyetembelewa hudaiwa kutembelea, kwa hiyo mwaka huu sisi ndio tunaokwenda kwao. Watu wote watakwenda kwa boti. Shemeji anasema yeye atakwenda kwa miguu, njia ya kuzunguka ghuba, milima miwili na mto mmoja, na kwa makubaliano yetu ya hamsini kwa moja nimejaribu kupiga hesabu ya upande wangu, nikaacha katikati. Daktari wake amesema aongeze polepole. Nimemwambia shemeji aishie nusu ya njia, iliyobaki apande boti. Amekataa. Nimemwambia robo tatu. Amesema ataongeza na safari ya kurudi. Dada nimemwomba aingilie, ananijibu, "Wewe ndiye uliyemfundisha kudai."

Maisha yangu yote nimejifunza kumpandisha mtu anayetaka kushuka. Anayepanda mwenyewe sijui anashushwaje, na sina hakika hata kama nataka ashuke. Kilo moja kati ya zile kumi na moja imekwisha kurudi, na shemeji ameshaniuliza kuhusu hiyo. Mwenye ushauri anitumie kabla ya mavuno. Jogoo ninao wawili tu.