Sakafu Iliyotitia

Enzi zetu kule Mbulumbulu sakafu ilikuwa udongo, na udongo huo ulikuwa kazi ya wasichana. Kila Jumamosi mimi na dada yangu Anjela tulikusanya mavi ya ng'ombe yakiwa bado yanafuka moshi kwa baridi ya asubuhi, tukayachanganya na majivu, tukasiriba nyumba nzima kwa viganja huku tukirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Ukiwaeleza watoto wa leo wanakunja pua. Hawajui kwamba nyumba iliyosiribwa vizuri ilinukia majani mabichi, na kwamba ukungu ukishuka, sakafu ile ilikuwa na joto kuliko vigae vyao vyote.

Kilichotushinda ni funza. Mdogo wetu Petro, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea, vidole vyake vilijaa funza hadi akashindwa kusimama. Mama aliwatoa kwa pini, Petro analia na yeye mwenyewe analia. Siku hiyo baba akasema, "Basi. Namwaga zege."

Aliyejua kazi hiyo pale kijijini ni Fundi Jumanne. Alitoka Singida akiwa kijana kuja kuvuna kwenye mashamba makubwa ya ngano, akajifunza ujenzi, akabaki na mkewe kwenye kibanda karibu na kisima. Alikuwa mrefu, mpole, msema kidogo, na hilo la kusema kidogo ndilo lililomponza. Kwetu mtu akinyamaza, watu humsemea.

Tulimshuku kabla hajashika koleo. Mama alishuku mfuko wake wa turubai, akawa anauangalia jioni kama unaondoka mzito kuliko ulivyokuja. Baba alishuku vipimo vyake. Jirani mmoja akaleta habari kwamba mafundi siku hizi "wanakula simenti", nasi watoto tukaelewa kwamba wanaitia mdomoni. Tulimchungulia akipiga miayo tuone kama meno yake ni ya kijivu.

Lakini aliyeshuku kuliko wote ni Ama, bibi yetu mzaa baba. Alileta kigoda chake akaketi katikati ya kazi. Fundi alipofika kwenye kona ya chumba kikubwa, karibu na ukuta wa nyuma, Ama alinyoosha fimbo.

"Hapa usiweke."

"Kwa nini, Bibi?"

"Usiweke tu."

Hakueleza zaidi. Jambo la ajabu ni kwamba Fundi Jumanne naye hakuipenda kona ile. Alipokuwa akishindilia udongo kwa gogo alisimama, akapiga tena, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Baba Paskalina," alimwambia baba, akimwita kwa jina langu, "hapa chini panaitika kama mtungi mtupu. Tuchimbe tuone, tujaze mawe, ndipo tumwage."

Baba alimtazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe kipofu. "Tukichimba, utataka simenti nyingine. Na hiyo nyingine itaishia wapi? Wewe mwaga."

Akamwaga.

Sakafu ile ilikuwa raha! Tuliimwagilia maji ili ikomae, kisha tukaipaka nta na kutelezeana juu ya magunia mpaka mama akatufukuza. Wageni walivua viatu bila kuambiwa. Ugali na mlenda ukiliwa pale chini ulikuwa kama chakula cha sikukuu. Vidole vya Petro vikapona, akawa anakimbia toka chumba hadi chumba kwa ajili tu ya kusikia nyayo zake zikipiga.

Masika ilipokolea, ufa ukatokea kwenye kona ile. Mwanzo ulikuwa mwembamba kama unywele, kisha ukaingia kidole, kisha kona nzima ikatitia na kabati la vyombo likaegemea ukuta kama mlevi. Baba hakuuliza kitu. Jumapili, nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanasalimiana, alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Jumanne amekula simenti yangu."

Hayo yalitosha. Waliokuwa wamempa kazi wakaghairi. Kisimani wanawake wakamwambia mkewe asubiri wote wamalize ndipo naye achote. Mwishowe balozi wetu wa nyumba kumi akaitwa aje kwetu kuamua, na minong'ono ilikuwa kwamba Jumanne atatakiwa kuhama.

Alikuja na nyundo na tindo. Kiti alichopewa hakukikalia.

"Mmesema nimepunguza simenti," alisema. "Nipeni ruhusa nivunje hapa, muone wenyewe. Kama nimeiba, naondoka na mke wangu leo hii."

Balozi akamgeukia baba. "Avunje?"

"Avunje."

Alipiga kwa muda mrefu. Zege lilikuwa gumu, cheche zikiruka, jasho likimdondoka puani. Hatimaye kikatoka kipande kinene, kokoto zimeshikana kama karanga kwenye kashata. Balozi alikipima kwa upana wa kiganja chake, akampa baba. Fundi akainua nyundo tena, akapiga, na tindo likapotea. Tulilisikia likianguka mbali huko chini. Ikapanda hewa ya baridi yenye harufu ya ngozi kuukuu.

Ama akaanza kusema, kwa Kiiraqw, na baba akawa anamtafsiria fundi mpaka alipofika mahali akashindwa kuendelea.

Alisema yeye na babu walipohamia kutoka Mbulu kuja kulima huku juu, wezi wa ng'ombe walikuwa wakipita na kuua. Babu akachimba shimo chini ya nyumba hii, akalifunika kwa ngozi na udongo. Wezi walipokuja, Ama aliingia humo na mtoto wake. "Mtoto mwenyewe ni wewe," alimwambia baba. "Ulitaka kulia. Nikakuziba mdomo kwa titi, ukanyonya mpaka wakaenda zao." Babu alimkataza asimwambie mtu, kwa kuwa shimo likijulikana halimfichi mtu. Babu akafa bila kumwondolea katazo hilo. Angewezaje kumwambia fundi aliyetoka Singida, asiyejua ametumwa na nani? Ama hakumwamini hata mwanawe kwamba angeficha siri.

Baba aliketi ukingoni mwa shimo, kile kipande cha zege bado mikononi.

"Jumanne, nisamehe."

"Hukunisema humu ndani, Baba Paskalina," fundi alijibu. "Ulinisema kanisani."

Balozi alikohoa, akatazama dari. Baba alikuwa mtu wa kujiona, na mama aliniambia baadaye kwamba hakudhani ataweza. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama palepale. Jumanne, ambaye ni Mwislamu, alikuja na kanzu yake safi akasimama nje ya uzio na mkewe. Baba akavua kofia. "Nilisema Jumanne ameniibia. Nilisema uongo. Alinionya, nami nikamwona mwizi." Mama ndiye aliyetoka kwenye kundi, akamwendea mke wa Jumanne, wakashuka pamoja kisimani.

Kabla shimo halijajazwa, Ama alituamuru sisi watoto tuingie. "Kaeni kimya," alisema. Tulikaa gizani, Petro mapajani mwangu, magoti yakigusana, tukasikia nyayo za watu wazima zikipita juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyecheka. Tulipotolewa, Fundi Jumanne alijaza mawe, akashindilia, akamwaga upya. Kiraka kile hakikuwahi kufanana rangi na sakafu nyingine, lakini hakikupasuka tena hadi tulipohama.

Leo naishi Karatu mjini. Mwaka huu zege la barazani kwangu lilipasuka, nikaita vijana wa kampuni ya ukarabati. Walikuja na sare, na mashine ya kuchanganyia inayonguruma. Nilitoa kiti nikakaa kuwalinda. "Mama angu, toa hofu," kiongozi wao alinicheka, "hii kazi ni ya kiprofesheno." Wakaziba, wakapiga picha, wakaondoka. Haukupita muda ufa ukarudi, na kabla sijainama hata kuutazama, binti yangu alikuwa ameshatuma picha yao kwenye kundi la mtaa kwenye simu: matapeli hawa, msiwape kazi.

Yule kijana kiongozi wao alirudi, akachimba, akakuta bomba la maji limetoboka chini, bomba ambalo tulilifukia wenyewe tukalisahau. Akalirekebisha, akamwaga upya. Nikamwambia binti yangu aandike tena, aseme tulikosea.

"Nimeandika, Mama. Lakini ile ya kwanza imeshasambaa makundi mengine. Hii hakuna atakayeisambaza."

Enzi zetu maneno mabaya yalikuwa na mahali yaliposemewa. Mtu aliweza kurudi pale, mbele ya watu walewale, akavua kofia. Kwa huyu kijana, nikasimame wapi? Nilimpigia simu kumwomba radhi. Nyuma yake nilisikia mashine ikinguruma.

"Usijali, mama," alisema, "sisi tumeshazoea."

Hilo la kuzoea ndilo lililoniuma.