Taa za Bwawa la Mama Aika

Mabibi na mabwana, mnaoheshimika na mnaojiheshimisha! Kibiti yote inatangaziwa kwamba imempata shujaa. Jina lake Mwinyimvua, mzaliwa wa Mbwera, mwangalizi wa bwawa la kuogelea kwenye gesti ya Mama Aika. Medali hana, ana ndara mbili zisizofanana.

Kazi aliipata kwa sababu katoka delta. Mama Aika, aliyekuja na biashara zake kutoka Moshi, aliona mtu aliyekulia visiwani hana haja ya kuulizwa habari za maji. Basi hakuulizwa. Umeme aliujua kwelikweli, na bwawa alilisafisha kwa wavu wa mpini mrefu, yeye mwenyewe mkavu kama ng'onda.

Jioni ya harusi moja hapo gesti, taa za ndani ya bwawa ziligoma. Ukiwasha, breka ya umeme inaanguka. Ukiipandisha, inaanguka tena. Mwinyimvua akazima umeme wa gesti nzima, akalala kifudifudi ukingoni, akazivuta taa moja moja kwa nyaya zake. Mipira ya kuzuia maji imechakaa, maji yamejaa ndani, utadhani glasi za juisi.

"Piga dairekti!" Mama Aika akaamuru. "Wageni wamekuja kuogelea kwenye taa, hawakuja kuangalia breka."

"Mama, breka ndiyo inayotuambia umeme unavuja. Tukiiruka, atakayeingia humo tunamtoa maiti."

"We Mwinyimvua, kazi unaitaka huitaki?"

Akajikuna kisogo. Wageni walishaanza kuvua viatu.

"Naitaka, mama. Naunga sasa hivi. Ila kwetu Mbwera mtumbwi mpya anaanza kuupanda mwenyewe. Tangulia majini, nikuwashie."

Mama Aika akayatazama maji. Akashika kichwa chake, kilichotoka saluni mchana ule.

"Nywele zitaharibika," akasema, akaita bodaboda waje wamulike kwa taa za pikipiki, nyaya za bwawa zibaki bila umeme.

Kwa mwanga ule wa kuungaunga, watu waliishia kuchovya miguu na kupiga picha. Hakufa mtu. Kulipokucha, Mzee Abdulazizi, baba wa bwana harusi, akamkumbatia mwangalizi mbele ya ukoo mzima, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, umeweka kibarua chako rehani kwa ajili ya roho zetu! Moyo huo umeutoa wapi?"

"Mzee, mtu akizama, wa kujitosa kumwopoa ni mwangalizi," akajibu Mwinyimvua. "Miye sijui kuogelea."