Vigae Visivyopinda

Harufu yake ilinifikia kabla sijakifunua kwenye gazeti: udongo uliochomwa, kisha ukapata maji. Mzee mmoja wa Kizanzibari mwenye jumba Al Warqa, hapa Dubai, alileta kwenye duka langu la vigae Al Ras kipande cha kigae cha jeshi la Warumi, anataka atengenezewe mfano wake. Askari wale walifinyanga na kuchoma vigae vyao wenyewe, wakavigonga muhuri wa kikosi. "Juma, utaweza?" akaniuliza. "Niulize nisichoweza, mzee wangu," nikamjibu, na si uongo. Nimeishia darasa la nne, na leo wahandisi wenye digrii wananisubiri mlangoni. Lakini alipoondoka nilifunga duka mapema.

Nilikuwa na miaka tisa hivi jeshi la serikali lilipojenga kambi karibu na kijiji chetu, wakamwajiri baba awachomee vigae. Mapatano yalikuwa ujira mdogo, na kila kigae kitakachopinda au kupasuka ni chetu, tukaezekee nyumba. Makuti yetu yalikuwa yameoza, na mdogo wangu Rashidi alikuwa na kifua kibovu. Msimu mzima nilinuka moshi, nikikanyaga udongo mwekundu wa baridi hadi magotini, na kila tanuri lilipofunguliwa mama alisimama pale, kanga kiunoni, akitazama. Vigae vilitoka vimenyooka; ukivigonga, vinalia kama kengele. Askari wakamtania: "Fundi, mwaka huu utalala nje!" Baba akacheka nao.

Mvua zilipokaribia mama akamwambia, "Baba Juma, tanuri hili la mwisho zidisha kuni. Vipinde tu. Nani atajua?" Baba akanawa mikono polepole. "Mimi nitajua, Mama Juma." Vibovu vya tanuri lile havikutosha hata kibanda cha kuku. Rashidi tulimzika masika hayajaisha. Mama hakumlaumu baba kwa sauti. Alihamishia mkeka wake jikoni tu, akalala huko mpaka alipokufa.

Leo nina ghala zima la vigae vya Hispania. Nyumba ya kwetu nimeiezeka upya, haivuji tone, na ina kufuli. Hakuna wa kulala ndani. Watu wa kwetu bado wanamsifu baba kwa uaminifu wake, na kwenye msiba wake niliitikia kama wao. Sikuamini nilichokiitikia. Mimi ningeuchochea moto ule mpaka vyote vikunjamane, khalas, basi, na Rashidi leo angekuwa hapa dukani, ananibishia bei.