Mtoto wa Dirishani

Fundi cherehani wa nyumba ya kona hakuwa na upungufu wa maoni. Alikuwa nayo ya kuutosha mtaa mzima, na mengi yalimhusu dobi wa ng'ambo ya barabara, mwanamume mpole mwenye watoto wanne. Watoto hao walitoka asubuhi, wakarudi njaa ilipowauma. Kila mteja aliyekuja kupimwa alilazimika kusikia, pini zimemzunguka kiunoni na hana pa kukimbilia, kwamba dobi yule kazi yake ni kuzaa, kulea kaiachia barabara.

Yeye wake hakulelewa na barabara. Alikuwa na binti mmoja wa miaka minane, aliyempata baada ya kungoja sana, akamwita Mboni. Ruhusa ya Mboni ya kucheza nje ilianzia kizingitini na kuishia kwenye nguzo ya umeme, hatua ishirini, kwa sababu zaidi ya hapo dirisha la mama yake halikuonyesha. Na ili asimpoteze hata kwa dakika moja, fundi alinunua kitambaa cha rangi ya chungwa, ile inayoumiza macho, akamshonea magauni matano yanayofanana. Aliinua kichwa, akaona chungwa, akainama. Aliinua tena, akaona, akainama. Kila alipoinua kichwa mshono ulipinda, na suruali za watu zikatoka mguu mmoja ukitazama kwingine. Zilipoletwa kurekebishwa alisingizia cherehani, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Shule alimpeleka mwenyewe, kamshika mkono, na njia nzima akimwagiza atazame chini asijikwae.

Jumamosi moja asubuhi dobi alikuja kuchukua shati lake lililotiwa kola mpya. Maskini, akathubutu kusema kwamba Mboni amekua, kwa nini asiende mpaka uwanjani na wenzake, na Kishada, binti yake wa tatu, angekuwa naye. Fundi alimtazama kuanzia viatu mpaka utosi.

“Wangu nilimpata kwa taabu, ndugu yangu,” alisema. “Sikumwokota.”

Dobi alilikunja shati lake, akaenda.

Fundi alirudi kwenye sare za wahudumu wa hoteli alizokuwa akishona, amefurahi kwa jinsi alivyomkata maini. Aliinua kichwa: chungwa lipo, chini ya nguzo, limempa mgongo, linachora ardhini kwa kijiti. Akainama. Kwa saa nzima aliendelea hivyo, akijipongeza moyoni, na sifa alizojipa zingemtosha waziri.

Mchana alimwita mtoto aje kula. Mtoto aligeuka, na alikuwa Kishada, ndani ya gauni la Mboni.

Fundi alichomoka mbio mpaka nguzoni bila kutazama kushoto wala kulia, yeye huyo huyo mwalimu wa usalama, akamshika mtoto mabega akamtikisa. Kishada hakuficha kitu. Mboni alitaka kuona barabara inafika wapi, akaomba wabadilishane nguo.

“Alisema mama haangalii uso,” Kishada alisema.

Dobi alitoka na povu la sabuni mikononi. Fundi alimporomoshea maneno ambayo mtu mwingine angeyajibu kwa kofi. Dobi alijifuta povu. Aliwaita watoto wake watatu waliobaki, akampa kila mmoja uchochoro wake, nao wakatimka. Fundi alitaka kukimbia pia, lakini kukimbilia wapi? Miaka tisa katika mtaa ule, na hakujua uchochoro upi unatokea wapi. Alibaki ameishikilia nguzo, akimwona mwanawe chini ya kila gari lililopita. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Haikupita robo saa, mtoto mmoja wa dobi akarudi anahema. Amemwona, mitaa miwili huko nyuma, kwenye duka la rangi.

Fundi alimfuata mbio, akafika dukani akihema. Mlangoni alikuwa amekaa mtoto juu ya ndoo, gauni lake la kahawia limepauka. Fundi alimtupia jicho, akampita, akaanza kuangaza huku na huku akimtafuta wake.

“Mama,” mtoto akasema, “mimi hapa.”

Mwenye duka hakujisumbua kupunguza sauti. “Nimemuuliza kwao ni wapi nimsindikize. Hajui mtaa, hajui nyumba yenu ina rangi gani. Anasema kwao ni pale mama anapomwona.”

Wateja wawili walicheka. Fundi alifungua mdomo wake wenye maoni yote yale, na hakuna hata moja lililotoka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alipiga magoti, akamkumbatia mtoto, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akamshika mkono wakatoka.

Nje, njia ziligawanyika tatu. Fundi aliuachia mkono.

“Tangulia,” alisema. “Tupeleke nyumbani.”

Mboni alitazama huku, akatazama kule, akauma mdomo. Mwishowe akachagua njia ya kulia, na haikuwa yenyewe. Mtoto wa dobi alitaka kusema. Fundi alimziba mdomo kwa kiganja, akamfuata mwanawe.