Vidole vya Dobi

Wako watu wakikasirika wanavunja vyombo, na wako wanaolia mpaka kichwa kinauma. Bi Povu akikasirika anafua. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu tangu afiwe na mumewe povu la sabuni halikuwahi kumkauka viwikoni, na mwenyewe alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Siku aliyotoka ofisini kwa diwani alifua mashuka yote ya nyumba ya wageni, akafua mapazia, kisha akakosa cha kufua akageukia matambara ya kupigia deki. Wifi yake alimwangalia tu, akajua huko alikotoka hakukuwa na heri.

Kisa chenyewe kilikuwa bomba. Kwenye kona ya mtaa palikuwa na bomba la watu wote, na chini yake sakafu ya saruji ambapo wanawake wanaofua nguo za watu walipanga mabeseni yao tangu asubuhi. Diwani alilikata, akasema limechakaa na litatengenezwa. Tukangoja. Kisha ng'ambo ya barabara kukafunguliwa uwanja wa kuoshea magari, maji yanaruka juu kama yana sherehe, na kila mwenye macho akaona bomba letu limehamia wapi. Uwanja ule ulikuwa wa diwani. Tangu hapo madobi wakawa wanapanga foleni na ndoo kwenye dirisha la uwanja, wananunua maji yale yale waliyokuwa wakiyachota bure. Wengi waliacha kazi. Bi Povu hakuacha, maana hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka.

Alikwenda kumwona diwani kwa heshima zote. Yule bwana alikulia mtaa huo huo, na mama yake alipokuwa mgonjwa ni Bi Povu aliyekuwa akimfulia mashati ya shule. Alidhani hilo lina uzito. Diwani alimsikiliza huku anachezea simu, halafu akainua kichwa.

"Mama, una kadi ya kura wewe?"

"Sina, mwanangu."

"Hujawahi kupiga kura?"

"Sijawahi."

Diwani akawageukia watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu zao. "Mnamwona mama yangu huyu? Kura hana, lakini anakuja kunipangia kazi. Mama, mimi natumwa na wapiga kura. Wewe nenda kafue."

Benchi zima likacheka. Wengine walicheka kwa woga, lakini kicheko ni kicheko, kikishakuingia mwilini hakiulizi kimetoka kwa nani. Bi Povu aliaga, akatoka, akaenda kufua mpaka matambara ya deki.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yule mshenzi alikuwa amesema kweli. Miaka yote uchaguzi ulipokuja alikuwa akisema wagombea ni wale wale, wanabadilisha nguo tu, na nguo zao anazifua yeye. Jioni hiyo alikaa kwenye kigoda, akamwambia wifi yake, "Nitamng'oa."

Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe. Waliishi pamoja, mmoja akifua, mwingine akipiga pasi, na ulimi wake ulikuwa na moto kuliko ile pasi ya mkaa. "Utamng'oa kwa nini, kwa koleo?"

"Kwa kadi."

Uandikishaji ulikuwa unaendelea kwenye darasa moja la shule ya jirani. Karani, binti mwenye miwani na sauti ya upole, alimweleza yote bila kuchoka. Lazima awe mkazi wa kata hiyo na awe na kitambulisho. Anajiandikisha mara moja tu, kwenye kituo atakachopigia kura. Atapigwa picha, ataweka vidole kwenye mashine, na kadi ataondoka nayo mkononi. Bi Povu akaona mbona rahisi, kumbe angemng'oa yule bwana zamani. Akapigwa picha amekunja uso. Akaweka kidole gumba kwenye kioo cha mashine. Mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Karani akavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na vyote vikakataliwa.

"Mama, vidole vyako havina alama."

"Havina vipi, na hivi hapa ninavyo?"

Karani akamgeuzia kiganja kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Sabuni, dawa ya kung'arisha nguo na kusugua kola za watu vilikuwa vimekula mistari yote aliyozaliwa nayo. Kwenye foleni mtu mmoja akasema huyo mama amefua mpaka vidole, na watu wakacheka tena. Bi Povu akaona sasa kumchekesha mtu imekuwa kazi yake ya pili.

"Huwa vinarudi," karani alimwambia polepole. "Pumzisha mikono. Usiguse sabuni wala dawa. Paka mafuta asubuhi na jioni, halafu urudi kabla hatujafunga."

Basi ikawa zamu ya wifi kufua. Alifua huku analaani, kwamba diwani amekosa yeye, kadi anatafuta mwingine, na mgongo unaovunjika ni wake. Bi Povu alikaa kwenye kigoda viganja vimeangalia juu, vinameremeta mafuta, hata nzi akimtua puani hawezi kumfukuza. Mikono iliyozoea kazi ikikalishwa bure, moyo ndio unafanya kazi badala yake, na moyo wake ulifanya kazi moja tu. Kila injini ya uwanja wa magari iliponguruma, kinyongo chake kilinenepa. Alimfikiria diwani akiwa amekaa kwenye benchi lile la kusubiri, amebeba bahasha, hakuna anayemwita. Picha hiyo ilimshibisha kuliko chakula. Mimi sitaki kumpamba, mwanamke huyu hakuwa akiwaza maendeleo ya kata. Alikuwa anataka kumwona mtu fulani akianguka.

Siku ya mwisho ya uandikishaji alirudi. Kidole gumba kikapita, na mashine ikalia sauti ndogo nzuri. Kadi aliishika kwenye kingo kwa kuogopa mafuta, akaisunda kifuani. Orodha ya wapiga kura ilipobandikwa ukutani ili watu wakague majina yao, alikwenda akajitafuta kwa kidole hicho hicho mpaka akajiona, na uso uliokunjamana vile vile.

Kampeni zikaanza. Diwani alikuwa anapambana na mkunga mmoja mstaafu, mama wa maneno machache, ambaye kila alikosimama alisema jambo moja, kwamba bomba litarudi kwenye kona. Huku nyuma diwani akamtuma dereva kwa Bi Povu na furushi la mashati meupe, na ujumbe kwamba mama amfulie mwenyewe, wengine wanamharibia.

Wifi alilifungua furushi, akaenda ndani, akarudi na kipande cha khanga nyekundu isiyoacha kutoka rangi. Aliishika kwa vidole viwili, macho yanacheka. "Tumtumbukizie hii. Kesho apande jukwaani amevaa waridi kama bibi harusi."

Nitasema kweli, Bi Povu alitamani. Aliichukua ile khanga, akaisogeza mpaka karibu na maji. Kisha akairudisha begani kwa wifi yake.

"Kisasi cha shati kinaisha shati likitupwa," alisema. "Mimi namtaka mwenye shati."

Basi akayafua mwenyewe. Aliloweka, akasugua kola, akatia dawa, akasuuza, akatia buluu kidogo, na hajawahi kufua nguo ya mtu kwa chuki safi namna ile. Mashati yakatoka yanaumiza macho. Furushi jingine likaja, na jingine. Diwani akawa anasimama kwenye mikutano anashika kola yake anawaambia watu, "Mimi ni msafi, tazameni." Akimwona Bi Povu kwenye umati anamwonyesha kwa mkono, "Mama yangu yule." Naye Bi Povu alimvisha kilemba cha ukoka bila kukwama, "Ndiyo mwanangu, tupo pamoja." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na diwani alikuwa anazivaa hizo nguo kila siku.

Siku ya kupiga kura alikuwa kwenye foleni jua halijachomoza, kadi kifuani. Zamu yake ilipofika aliingia darasani, akatoa kadi, wakamwona kwenye daftari, picha ni yeye, jina ni lake. Msimamizi wa kituo akasukuma mashine mbele yake.

"Weka kidole, mama."

 Alidhani kidole kinaombwa siku ya kujiandikisha tu, kikishapita kimepita. Angejua asingegusa hata kipande cha sabuni. Akaweka gumba, mashine ikakataa. Akaweka vyote, akavisugua kwenye gauni, akaweka tena. Mashati ya diwani yalikuwa yamevila. Alisimama pale na vidole vyake laini, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mumewe machozi yakamlenga, machozi ya hasira matupu.

Msimamizi alikuwa mtu wa haki. Akasema mashine ikishindwa utaratibu upo. Kadi anayo, jina lipo, picha ni yake, kwa hiyo anawauliza mawakala wa wagombea kama yupo mwenye shaka kwamba huyu ndiye. Wakala wa mkunga akasema hana shaka. Wakala wa diwani akasimama. Bi Povu akamtambua mara moja, alikuwepo kwenye lile benchi.

"Mimi nina pingamizi," alisema. "Huyu mama alisema kwa mdomo wake mbele ya watu kwamba hana kadi wala hajawahi kupiga kura. Hii kadi ameipata wapi?"

"Nilijiandikisha," alisema Bi Povu.

"Kwa vidole gani?"

Msimamizi akakuna kichwa. Foleni ikaanza kunung'unika. Ndipo mlangoni kukaingia weupe, na ndani ya weupe huo alikuwemo diwani, amekuja kupiga kura yake, anapeana mikono na kila aliyemfikia. Akauliza kuna nini. Wakala wake akamnong'oneza. Diwani akamtazama Bi Povu, akatazama shati lake mwenyewe, akacheka kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

"Ondoa pingamizi lako, bwana. Huyu ni mama yangu. Shati hili amelifua yeye. Mtaa mzima unamjua, na mimi namjua kuliko wote." Wakala akakaa chini. Diwani akainama kwenye sikio la Bi Povu. "Mama, picha yangu umeiona ilipo kwenye karatasi?"

"Nimeitafuta sana, mwanangu. Naijua ilipo."

"Mheshimiwa, hapa ndani hakuna kampeni," msimamizi alisema, na akampa Bi Povu karatasi yake iliyogongwa muhuri.

Nyuma ya kizuizi cha boksi palikuwa na meza na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Aliitazama kwanza picha ya diwani, kwa raha, bila haraka. Halafu akaweka alama moja ndani ya kisanduku cha mkunga, akaikandamiza, akahakikisha haigusi mstari wa mtu mwingine. Akaikunja karatasi kama anavyokunja shati, kola juu, akaitumbukiza. Wakamchovya kidole kwenye wino. Alipotoka nje alikiangalia kile kidole, akafurahi, maana anayajua madoa na hilo lilikuwa halitoki.

Usiku matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa shule, na asubuhi kata nzima ilijua. Mkunga ameshinda. Wifi alipiga kigelegele mpaka akakohoa. Bi Povu hakupiga. Alikuwa anapiga pasi furushi la mwisho la mashati, kwa sababu jambo lake na diwani lilikuwa halijaisha.

Kura ni siri. Angeweza kunyamaza, na yule bwana angekufa akimwita mama. Lakini kisasi ambacho aliyelipizwa hakijui ni sawa na kumzomea mtu aliyelala. Akabeba furushi mpaka nyumbani kwa diwani, akamkuta amekaa peke yake barazani, shati la jana bado liko mwilini, kola imekunjamana.

"Karibu, mama," alisema. "Wote wamenitupa. Angalau wewe."

Bi Povu akaweka furushi mezani. "Mimi nimempigia mkunga."

Diwani alimtazama kama hakusikia. "Si mimi niliyekutetea? Wangekurudisha nyumbani bila kura!"

"Ndiyo. Bila wewe nisingepiga. Nimeona nije nishukuru mwenyewe."

Diwani akafumba macho, akayafumbua. "Shukrani ya punda mateke."

"Punda hana kadi, mwanangu," alisema Bi Povu.

Akanyoosha mkono akamwekea sawa kola, kama alivyokuwa akimfanyia akienda shule, kile kidole cha wino kikiwa karibu kabisa na kidevu chake. Diwani hakusogea. Kisha Bi Povu akaaga, akashuka ngazi, akaenda zake. Mashati yalibaki mezani, yamekunjwa vizuri, yote yametakata.